Kwa nini dawa za skizofrenia haziachwi siku mgonjwa anapopata nafuu

“Daktari, alikuwa amepona kabisa, ndiyo maana tukaacha dawa.” Katika miaka yangu ya kutibu magonjwa ya akili jijini Dar es Salaam sijasikia kauli nyingine mara nyingi kama hii. Huisema mama, au kaka mkubwa, akiwa amemshika mkono kijana ambaye miezi michache iliyopita aliondoka wodini akiwa ametulia, akila vizuri, akiulizia lini atarudi kazini, na ambaye leo amerejeshwa akiwa hajalala kwa siku tano na anaamini kwamba majirani wanasoma mawazo yake kupitia ukuta.

Siwezi kuilaumu familia hiyo. Sisi sote tumelelewa na malaria. Mtoto akipimwa na kukutwa na vimelea, hupewa dawa mseto, humeza kwa siku tatu, homa inashuka na habari inakwisha. Mtu aliyezoea kuona maradhi yakifuata njia hiyo anapomwona mwanawe anaongea vizuri tena, ni haki yake kufikiri kwamba dozi imemalizika. Ni sisi wataalamu ambao mara nyingi huandika “arudi baada ya mwezi” kwenye kadi bila kueleza kwa nini arudi.

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga namna mtu anavyotambua yaliyo halisi. Mgonjwa husikia sauti zikimsema au kumwamuru, na kwake sauti hizo ziko wazi kama za mtu aliyesimama dirishani. Ndiyo maana kumwambia “hakuna kitu hapo” hakumsaidii, humfanya tu aone kwamba haaminiwi. Huweza kushikilia imani isiyotikisika kwamba anafuatiliwa au anawekewa sumu, na maneno yake huweza kukosa mfuatano. Kabla ya hayo, mara nyingi kuna kipindi kirefu cha ukimya ambacho nyumbani huitwa uvivu au kiburi: kijana anajitenga, anashuka darasani, anaacha kuoga. Kwa wanaume huanza zaidi kati ya mwishoni mwa balehe na miaka ya ishirini, na kwa wanawake huchelewa kidogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ugonjwa huu umewapata watu wapatao milioni 24, yaani takriban mtu mmoja katika kila 300.

Si kila anayesikia sauti ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, VVU, kaswende ya muda mrefu, kifafa, matatizo ya tezi ya shingo, bangi na pombe vyote vinaweza kumfanya mtu aongee yasiyoeleweka, na baadhi ya kina mama huchanganyikiwa siku chache tu baada ya kujifungua. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa juzi akiwa na homa anahitaji vipimo vya haraka vya damu, si jina la ugonjwa wa akili.

Familia huniuliza kama mtoto wao amerogwa. Huwa siingii kwenye mabishano hayo. Nawaeleza ninachokijua: kwamba urithi una sehemu yake, lakini hata kwa mapacha wanaofanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui, maana yake kuna mengine yanayochangia, kama vile matatizo wakati wa ujauzito na uzazi, misukosuko ya utotoni, na bangi inayovutwa mapema na kwa wingi. Kuhusu dua za shehe au maombi ya mchungaji sina kipingamizi, mradi dawa zisisimamishwe, mgonjwa asifungwe minyororo, asipigwe wala asilazimishwe kufunga chakula.

Sasa nirudi kwenye dawa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa saikosisi, yaani hali ya kushindwa kutambua yaliyo halisi, kwa klorpromazini, dawa ambayo bado ipo kwenye makabati ya hospitali zetu. Dawa hiyo na zilizoifuata, kama haloperidoli na olanzapini, huzuia sehemu ya kazi ya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia, pamoja na mengine, kuamua jambo gani lina uzito. Inapozidi katika njia fulani za ubongo, mlio wa pikipiki au kikohozi cha jirani hugeuka kuwa ujumbe wa siri. Dawa huishusha. Haiondoi ule mwelekeo wa ubongo kuipandisha tena, na hapo ndipo ilipo tofauti na malaria. Skizofrenia inakaa karibu zaidi na shinikizo la damu: kipimo kikiwa kizuri leo, ni kwa sababu dawa imemezwa jana.

Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya majaribio 65 yenye wagonjwa zaidi ya 6,000 waliokwisha kutulia kwa dawa, ulionyesha kwamba ndani ya takriban mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa. Takwimu hizo nazisoma kwa pande zote mbili. Dawa si kinga kamili, na wapo wanaoiacha bila ugonjwa kurudi mwaka huo. Tatizo ni kwamba hatuna kipimo cha kutuambia mapema nani ataangukia upande upi.

Hata hivyo, wengi wanaoacha dawa hawaachi kwa sababu ya kutoelewa. Wanaacha kwa sababu dawa zinawaudhi. Haloperidoli inaweza, katika siku za mwanzo, kukaza misuli ya shingo na kugeuza macho juu, na nimewahi kupokea vijana waliopelekwa kwanza kupungwa kwa kuwa nyumbani waliamini jini ndilo lililokuwa likiwasokota shingo. Hali hiyo inatisha sana, lakini hutulia haraka kwa dawa kama benzheksoli. Wengine hushindwa kukaa mahali pamoja, wakatembea huku na huku usiku kucha, na familia ikadhani kichaa kimezidi. Daktari asiyeuliza vizuri huongeza dozi na kuzidisha mateso. Olanzapini huleta njaa na unene, nayo huweza kupandisha sukari. Na kuna jambo ambalo wanaume hawalisemi mbele ya mama zao: nguvu za kiume hupungua. Kwa sababu hiyo, kila mgonjwa namwomba abaki nami peke yake kwa dakika chache, na nauliza moja kwa moja. Mara nyingi kupunguza dozi, kubadili dawa au kuhamia sindano ya kila baada ya wiki chache hutosha kumrudisha kwenye tiba.

Nyumbani nako kuna tiba yake. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake mjini London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, wakaona kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama na ukali waliugua tena zaidi ya wengine. Nalifikiria hilo kila ninaposikia mtu akimtania ndugu yake kwamba arudishwe Mirembe, kana kwamba hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ni tusi na si mahali pa kutibiwa.

Je, dawa ni za maisha? Si lazima kwa kila mtu. Baada ya tukio la kwanza, napendekeza mwaka mmoja hadi miwili ya utulivu kabla ya kufikiria kupunguza, kisha tupunguze kidogo kidogo, kwa miezi, huku tukionana mara kwa mara. Aliyeugua mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi. Kabla ya kuanza kupunguza, tunaandika pamoja dalili zake za mwanzo kabisa, kwa maneno ya nyumbani, na karatasi inakaa kwa mtu anayelala nyumba moja naye.

Kijana nitakayemtaja hapa nimemuunda kutokana na wengi niliowahudumia. Kwenye karatasi yake mama aliandika mambo mawili: halali, na anaanza kufunika kioo cha sebuleni. Mwezi wa tano wa kupunguza dawa, mama aliamka alfajiri akakuta khanga imetundikwa juu ya kioo. Hakumgombeza. Alimpikia chai, wakapanda daladala, wakafika kliniki kabla sijafungua mlango. “Shikamoo, mama,” nikamwambia. “Marahaba. Kioo kimefunikwa, daktari.” Tulirudisha dozi ya awali siku ile ile, na baada ya wiki mbili khanga ilikuwa imerudi kabatini bila kijana kulazwa.