Shakespeare na opera ni vya wasomi tu?

Kuna imani ya siku nyingi kwamba Shakespeare, yule mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, na opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ni mambo ya matajiri na wasomi, mtu wa kawaida hayamgusi. Inaeleweka kabisa, maana wengi tulikutana na Shakespeare kwenye mtihani, na opera tunaona picha za watu na suti zao.

Ila London ya wakati wa Shakespeare ilikuwa tofauti sana. Ukumbi wa Globe, ambako tamthilia zake zilichezwa, ulijengwa 1599, na kiingilio cha kusimama pale chini mbele ya jukwaa kilikuwa peni moja, basi hapo wanajaa mafundi, vibarua, vijana wanaojifunza kazi, wanatafuna njugu, mvua ikija inawanyeshea maana juu yao hakuna paa. Ndo maana ndani ya tamthilia hizo kuna mapanga, mizimu, walevi na matani ya mtaani! Opera nayo ilianzia majumba ya wakubwa, ila 1637 mji wa Venice, Italia, wakafungua ukumbi wa opera ambao mtu akikata tiketi anaingia.

Ukitaka kuhakikisha, tamthilia kadhaa za Shakespeare zipo kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, chukueni onyesho moja tu mgawane wahusika, msome kwa sauti, muone watu wanachekea wapi.