Je, Wajua Kwa Nini Mchanga Mweupe wa Jangwani Hutoka wa Kijivu Kwenye Picha?

Kusini mwa New Mexico, nchini Marekani, kuna matuta ya mchanga mweupe kiasi cha kuumiza macho. Mahali penyewe panaitwa White Sands, na mchanga wake ni jasi, madini yanayotengenezewa plasta, uliotanda takriban kilomita za mraba 700. Mgeni anainua kamera, anabonyeza, anatazama kioo: mchanga umekuwa wa kijivu, umepooza, utadhani mvua inakaribia. Akiazima kamera ya mwenzake, huenda akapata yale yale. Hakuna kilichoharibika. Kamera imetii ilivyofundishwa, ila walioifundisha hawakuwa na jangwa akilini.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui mchanga, wala theluji, wala paka mweusi. Kinajua tu kiasi cha mwanga unaokifikia. Ili kiweze kuamua, kimepewa dhana moja: ukikoroga pamoja vyeupe na vyeusi vyote vya mandhari, utapata kijivu cha wastani. Kadi ya kijivu wanayopimia wapiga picha huakisi asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, na kipima mwanga hulenga karibu na hapo. Penye miti, nyumba na watu, dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Jangwani inavunjika, kwa sababu mchanga mkavu hurudisha mwanga mwingi kuliko huo, na jasi ndiyo zaidi. Kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza mpaka mweupe ukawa kijivu. Kamera za kisasa hubashiri vizuri zaidi kuliko za zamani, lakini mchanga ukijaza fremu nzima bado hutegwa.

Dawa ni kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho wanaoanza wengi hawakigusi. Kwa mchanga wa kahawia hafifu jaribu kujumlisha 1. Kwa mweupe kabisa, kati ya 1 na 2. Kila namba moja ni mwanga maradufu. Ndiyo, mahali pang'avu kupita pote ndipo unapotakiwa kuongeza mwanga, jambo ambalo akili hulikataa mwanzoni.

Kuongeza nako kuna ukomo. Kila pikseli, yaani kila nukta ya sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, hukusanya mwanga kama ndoo chini ya bomba. Ikishajaa, kinachozidi kinamwagika na hakirudi. Ndiyo maana wapiga picha hutazama histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha vivuli kushoto na weupe kulia. Kilima kikigonga ukuta wa kulia, kuna mahali pameungua. Jangwa jekundu, hata hivyo, lina hila yake. Juu ya sensa nyingi kuna vichujio vidogo vya rangi: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ukapata hataza mwaka 1976. Histogramu ya kawaida, ile ya rangi moja, huhesabu kijani kwa uzito mkubwa zaidi. Jua linapozama juu ya tuta jekundu, rangi nyekundu huweza kujaa na kumwagika huku histogramu ikikuonyesha kwamba mambo ni shwari. Nyumbani unafungua picha na kukuta tuta limekuwa bapa la rangi moja, bila hata punje ya mchanga kuonekana. Kamera nyingi zina histogramu ya rangi tatu, kila moja peke yake. Kule, tumia hiyo.

Kuhusu saa ya kupiga, yapo machache ya kusema. Jua la utosini hufuta vivuli, na mawimbi madogo ya mchanga huonekana kwa vivuli vyake tu. Jua likiwa chini, kila wimbi hupata upande wa mwanga na upande wa giza.

Lililo tamu zaidi ni rangi za hivyo vivuli. Mwaka 2011 jarida la National Geographic lilichapisha picha ya mpiga picha Frans Lanting, aliyoipiga Deadvlei, katika jangwa la Namib nchini Namibia. Ni miti ya migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita na isiyooza kwa sababu ya ukavu, imesimama juu ya ardhi ya bluu iliyofifia, nyuma yake rangi ya chungwa inayowaka. Watu wengi walidhani ni mchoro wa rangi. Rangi ya chungwa ni tuta refu, lenye chembe zilizovikwa kutu ya chuma, lililokwisha kupigwa na jua la asubuhi. Ardhi, ambayo kwa kweli ni udongo mweupe, ilikuwa bado kivulini, ikimulikwa na anga tu, na anga ni la bluu.

Macho yetu hayaoni ubluu huo kirahisi kwa sababu ubongo huusahihisha. Kamera ikiachwa ijipangie mizani ya nyeupe, mpangilio unaoamua nyeupe ionekaneje, nayo hujaribu kusahihisha: hupunguza wekundu wa machweo, kisha mtu akarudi analalamika kwamba lile jua alilolifuata halimo kwenye picha. Weka mizani kwenye alama ya jua la mchana, takriban kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga), uiache hapo. Wekundu utabaki mwekundu na vivuli vitabaki bluu.

Hapo ndipo kuhariri kunapoingia, na kwangu mimi hakuna uongo ndani yake. Faili la JPEG, lile la picha ya kawaida, hugawa kila rangi katika ngazi 256. Faili ghafi, lile la RAW, likiwa la biti 14 hutunza ngazi 16,384. Ukipiga JPEG, kamera imekwisha kuamua kwa niaba yako na kutupa mengi ya yaliyobaki. Ukipiga RAW, uamuzi ni wako, ndani ya programu ya kuhariri kama Lightroom, au darktable ambayo ni ya bure. Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Tarehe 1 Novemba 1941, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alisimama kando ya barabara huko Hernandez, New Mexico, mwezi ukiwa juu ya makaburi na jua likielekea kuzama. Hakukipata kipima mwanga chake, akakokotoa kwa ung'avu wa mwezi aliokuwa ameukariri. Alipata picha moja tu kabla mwanga haujaondoka. Kisha kwa miaka mingi aliichapisha upya katika chumba cha giza, anga likizidi kuwa jeusi.

Kwenye kompyuta, anza na mwangaza: rudisha mchanga kwenye weupe wake, halafu shusha sehemu zinazong'aa mpaka mawimbi yaonekane. Rangi ziwe za mwisho. Kitelezi cha kukoleza rangi ndicho kinachoharibu picha nyingi za jangwa, nami nina sababu zaidi ya ladha: ukikikokota mbali unajaza upya ile rangi nyekundu uliyohangaika kuilinda, na tuta linarudi kuwa bapa. Koleza rangi ya chungwa peke yake, kidogo, uiache bluu ya anga ilivyo.

Vumbi ni kazi ya uvumilivu tu. Likitua kwenye sensa huonekana kama madoa ya kijivu angani, hasa ukibana tundu la lenzi kufikia f/16, na brashi ya kuponya iliyomo kwenye programu huyaondoa moja moja. Usibadilishe lenzi kwenye upepo, kazi itapungua. Mtetemo wa joto ndio usioponyeka kwa programu. Ardhi iliyochemka hupandisha hewa yenye msongamano usio sawa, mwanga unapinda njiani, na lenzi ndefu inayolenga mlima wa mbali mchana huleta picha iliyotia ukungu hata kama tripodi imekaa imara. Wengi hapo huilaumu lenzi. Sogea karibu utumie lenzi fupi, au piga alfajiri kabla ardhi haijapata moto.