Rejea hewa, na namna mkutubi anavyozikamata

Watanzania tunamjua mtumishi hewa: jina lipo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Maktaba nazo sasa zina rejea hewa. Mwanafunzi anafika kwenye meza ya huduma na orodha ya marejeleo 40, imechapwa vizuri kwenye steshenari ya Mwenge au Ubungo. Jina la mwandishi lipo, mwaka upo, juzuu ipo, hata kurasa zipo. Anaomba atafutiwe makala tatu. Hazipatikani, kwa sababu hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Chanzo mara nyingi ni programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo tatizo limefika hadi mahakamani: Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo programu hiyo ilizibuni. Programu ya namna hii hujibu kwa kutabiri neno linaloelekea kufuata lililotangulia. Ukiiomba rejea kuhusu kilimo cha mwani Bagamoyo, inajua rejea huwa na sura gani, basi inaitengeneza sura hiyo. Baadhi ya programu sasa hutafuta mtandaoni kwanza kabla ya kujibu, na hilo limepunguza uzushi. Halijaumaliza. Sasa hivi makosa ya kawaida ni magumu zaidi kuyaona: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, ila makala waliyounganishwa nayo haipo.

Anza na DOI, yaani namba ya kudumu ya makala, inayoanza na 10 na nukta. Andika doi.org, mkwaju, kisha namba yote. Ikifungua ukurasa, usiishie hapo. Soma kichwa cha makala na majina ya waandishi, ulinganishe na yaliyo kwenye orodha, maana rejea hewa nyingi hubeba DOI halali ya makala nyingine kabisa. Ikigoma, angalia kwanza mwisho wa namba. Nukta ya kufungia sentensi ikinakiliwa pamoja nayo, kiungo hakifunguki, na mwanafunzi anaweza kushukiwa bure.

Kama hakuna DOI, nakili kichwa cha makala ukitafute Crossref, sajili ya mtandaoni ya makala zenye DOI. Kisha nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, ufungue juzuu na toleo lililotajwa. Hapa ndipo uongo mwingi hukamatwa: rejea inadai kurasa 112 hadi 129 wakati toleo lile linaishia ukurasa wa 98, au inataja toleo la tano la jarida linalotoka mara mbili kwa mwaka.

Kwa vitabu, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inajikagua yenyewe. Tangu 1 Januari 2007 ina tarakimu 13, na za Tanzania, zinazotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hufuatisha 978 na 9976 au 9987. Tuchukue namba ya zoezi, 9789976123456. Kwa tarakimu 12 za mwanzo, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, uendelee hivyo hivyo kwa kupokezana, kisha jumlisha. Hapa unapata 134. Kinachohitajika kufikia kumi inayofuata, 140, ni 6, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Ikitofautiana, namba imekosewa. Ikikubali, umethibitisha kwamba namba imeundwa sawasawa, basi. Kitabu bado ukitafute kwenye katalogi. Na ukiona kitabu cha 1985 kina ISBN ya tarakimu 13, usishtuke. Wakati ule zilikuwa 10, na mtu ameigeuza kwa kutanguliza 978 na kukokotoa upya tarakimu ya mwisho.

Lipo jambo ambalo mkutubi wa hapa nyumbani lazima alishikilie kuliko mwenzake wa Ulaya: kutoonekana mtandaoni si ushahidi kwamba kitu hakipo. Matoleo ya zamani ya majarida yetu mengi hayana DOI na hayamo Crossref. Ripoti za wizara, takwimu za mikoa, tasnifu za miaka ya 1970 na vijitabu vya mashirika ya umma vingi viko kwenye karatasi tu. Kwa hiyo kabla ya kuandika "haipo", pita AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, pita hazina ya kidijiti ya chuo kinachohusika, kisha inuka uende rafuni. Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, ni mahali pa kuuliza kuhusu machapisho ya nchini, kwa kuwa sheria ya 1975 inawataka wachapishaji kuwasilisha nakala kwa Bodi. Kumwambia mtafiti kwamba ripoti ya kweli ni ya kubuni ni kosa kubwa kuliko kuiacha rejea hewa ipite. Mtafiti huyo atalifuta chapisho hilo kwenye kazi yake, na wanaomsoma hawatalijua.

Makala ikishapatikana, uliza kama haijaondolewa. Makala huondolewa baada ya data kugundulika kuwa za uongo au hesabu kukosewa, lakini nakala zake huendelea kuzunguka kwa miaka. Kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa, ilichukuliwa na Crossref mwaka 2023 na iko wazi kwa yeyote. Kwa makala za tiba, hatua hii isirukwe kamwe.

Majarida laghai ni tawi lingine la tatizo hilihili. Orodha maarufu ya majarida hayo, ya mkutubi Mmarekani Jeffrey Beall, iliondolewa mtandaoni Januari 2017, na nakala zake zinazozunguka si hukumu ya mwisho. Ni salama zaidi kulitafuta jarida kwenye DOAJ, saraka ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, kisha kusoma dalili: ahadi ya kupitisha makala ndani ya siku tatu, ada inayotajwa baada ya makala kukubaliwa, jina linalokaribiana mno na la jarida linaloheshimika. Linganisha pia ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, ya tovuti na ile iliyosajiliwa kwa jina hilo. Matapeli huiba jina zima pamoja na namba, kwa hiyo anwani ya tovuti nayo ikaguliwe.

Mwanafunzi huangukia akili unde mara nyingi kwa sababu makala za kweli zimemdai dola 30 au 40. Haelewi kwamba taasisi yake huenda tayari ina haki ya kuzisoma bila malipo. Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzipa taasisi za nchi zinazoendelea machapisho ya utafiti, inaunganisha programu tano: Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Usajili ni wa taasisi, na mkutubi ndiye huwa mlinzi wa neno la siri. Malalamiko ya kila siku kwamba "inadai hela" yana sababu moja kubwa: msomaji ametoka Google moja kwa moja hadi kwa mchapishaji. Lazima aingie kwanza kwenye lango la Research4Life, kisha amfikie mchapishaji kupitia humo. Na neno la siri lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp. Likitoka nje ya taasisi, mtu mmoja akapakua mamia ya makala kwa usiku mmoja, mchapishaji huifungia taasisi nzima.

Katika kazi hii mkutubi hushika tasnifu ambazo hazijawasilishwa, namba za simu, na kumbukumbu ya nani alisoma nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazigusa maktaba pia. Rasimu ya mwanafunzi isipakiwe kwenye programu ya akili unde bila ridhaa yake. Na lile daftari la wageni linalokaa wazi mlangoni, jina na namba ya simu vikisomwa na kila anayepita, lifungwe au litumie namba ya kitambulisho peke yake.

Mwisho, katalogi yenyewe. Ndiyo shahidi wetu mkuu kwamba kitabu kipo, na ikipotea tumebaki bila shahidi. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza na kudai fidia ya bitcoin 20. Maktaba haikulipa, na katalogi kuu ilirudi mtandaoni, kwa kusoma tu, katikati ya Januari 2024.

Maktaba nyingi za vyuo nchini hutumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand. Amri yake ya koha-dump hutoa mafaili mawili, moja la kanzidata na jingine la mipangilio, na yote mawili yanahitajika. Kosa linalojirudia ni kuyaacha kwenye seva ileile: umeme ukipiga diski, au virusi vikifunga mafaili, nakala inaondoka pamoja na asili. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine, na diski ya nje ichomolewe ikishamaliza kunakili. Mara moja kila robo mwaka, chukua kompyuta tupu, rudisha nakala hiyo, kisha hesabu rekodi. Kama seva ina 41,300 na uliyorudisha ina 38,000, unakili wako ulikatika njiani au ulisimama miezi kadhaa iliyopita. Tafuta sababu wiki hiyohiyo, wakati seva bado inafanya kazi.