Ngozi Kavu Kau: Nyama ya Tumbo la Nguruwe kwenye Kikaangio cha Hewa

Wanafunzi wangu wa upishi wanaponunua kikaangio cha hewa, swali lao la kwanza kuhusu nyama ya tumbo la nguruwe huwa ni la joto na muda: niweke nyuzi ngapi, na kwa dakika ngapi? Ninawajibu, lakini ninawaonya pia kwamba jibu hilo peke yake halitawafikisha mbali, kwa sababu ngozi inayovunjika kwa mlio huandaliwa kwa sehemu kubwa kabla mashine haijawashwa. Atakayeingiza ngozi mbichi yenye unyevu kwenye nyuzi joto 200 za Selsiasi atatoa kitu kinachotafunwa bila kumezeka, hata kama nyama iliyo chini yake imeiva vizuri. Hesabu yote ya pishi hili ni ya maji: yaingie lini kwenye ngozi, yatoke lini, na yabaki kiasi gani joto kali linapofika.

Ngozi ya nguruwe ni nyuzinyuzi za kolajeni (aina ya protini) zilizosukana kwa wingi, pamoja na maji na mafuta kidogo. Kolajeni mbichi ni ngumu. Ikipata joto la kutosha huku ikiwa na maji, kuanzia nyuzi 70 hivi na kuendelea, hulegea polepole na kugeuka jelatini, ambayo ni laini na inaweza kunyumbulika. Ngozi hiyo iliyolegea ikikaushwa, kisha ikakutana na joto kali, maji machache yaliyosalia ndani ya jelatini hugeuka mvuke kwa ghafla. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, kwa hiyo mvuke huisukuma ngozi na kuijaza malengelenge madogo, na kuta za malengelenge hayo hukauka papo hapo na kubaki zimesimama. Punje ya bisi hupasuka kwa kanuni hiyo hiyo. Ngozi ikiwa na maji mengi mno, joto lote huishia kuyachemsha na ngozi haipandi juu ya nyuzi 100 kwa muda mrefu. Ikikaushwa bila kulegezwa kwanza, hakuna kinachoweza kunyumbulika, nayo hubaki bapa na ngumu.

Wapishi wa Kikantoni wa Guangdong na Hong Kong, kusini mwa China, wenye nyama iitwayo siu yuk, na wa Ufilipino, wenye lechon kawali, waliufahamu utaratibu huu kwa mikono zamani sana. Mfilipino huichemsha nyama mpaka ilainike, huiacha ikauke, kisha huitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Mpishi wa Kikantoni huipitisha ngozi kwenye maji ya moto, huitoboa kwa sindano nyingi, huipaka chumvi, huianika, kisha huiweka kwenye tanuri kali, na sifa kubwa anayoitafuta ni malengelenge madogo yaliyotandaa sawasawa kama mbegu za ufuta. Njia ninayoifundisha imechukua uchemshaji kwa Wafilipino, na utoboaji, chumvi na uanikaji kwa Wakantoni.

Mashine yenyewe haina miujiza. Kampuni ya Philips ilipoonyesha Airfryer yake kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme ya IFA mjini Berlin mwaka 2010, watu wengi walidhani wameletewa namna mpya ya kukaanga, ilhali kilichomo ndani ni tanuri dogo lenye koili ya joto juu na feni inayoisukuma hewa kwa kasi kuzunguka chakula. Kwa nyama hii, umbo hilo linafaa kuliko matanuri mengi makubwa: koili inaitazama ngozi moja kwa moja, na feni inaufagia unyevu unaotaka kutuama juu yake. Kasoro yake ni kwamba hewa hubeba joto kidogo sana ikilinganishwa na mafuta, hivyo ngozi ya kuingia humo lazima iwe kavu kuliko ile ya kukaangwa kwenye karai. Nafasi nayo ni finyu. Kipande kirefu kikikaribia koili kwa chini ya sentimita 3, sehemu iliyoinuka huungua kabla jirani yake haijaanza kuvimba.

Kwa sababu hiyo ninanunua kwa umbo kabla ya kununua kwa uzito. Kipande cha gramu 800 hadi kilo moja, kinene cha sentimita 4 au 5, kilichonyooka, chenye matabaka ya nyama na mafuta yanayokaribiana kwa unene, kinatosha kikapu cha kawaida na kuacha upenyo wa hewa pande zote. Mweleze mwenye bucha kwamba unataka nyama ya chini ya mbavu ikiwa na ngozi yake, maana bucha nyingi za kitimoto hukatakata kila kitu vipande vidogo vya karai usipowahi kusema. Tafuta pia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Tegu wa nguruwe, mnyoo bapa wa tumboni, angali yupo Afrika Mashariki, na mabuu yake huonekana kwenye nyama kama vijifuko vyeupe vidogo. Nyama ya namna hiyo hairekebishwi kwa viungo, hairudishwi jikoni hata kidogo.

Nyumbani, anza na nywele. Zilizobaki zichome kwa moto wa jiko la gesi au zinyoe kwa wembe mpya, kisha ikwangue ngozi kwa kisu na kuiosha. Weka kipande kwenye sufuria ngozi ikitazama chini, tia maji yanayoifunika ngozi na sehemu ya mafuta, chumvi kijiko kimoja na tangawizi ukipenda, halafu uyaache yatokote taratibu kwa dakika 15 hadi 20. Yasichemke kwa fujo, kwa sababu nyama itajikunja na ngozi itapoteza unyoofu wake. Ncha ya uma ikiweza kuzama kwenye ngozi bila kulazimishwa, imetosha.

Itoe, ifute, na uitoboe ingali na joto, kwani ikipoa itakuwa ngumu tena. Hapa ndipo ninapowaona watu wakifanya haraka, na hapa hasa ndipo haraka haifai. Matundu yanatakiwa kuwa mengi sana na madogo sana, yaliyosambaa mpaka kwenye pembe, kwa kutumia sindano nene, vijiti vya mishikaki vilivyofungwa pamoja, au kifaa maalumu chenye meno mengi. Kila tundu ni njia ya mafuta kupanda na kuipaka ngozi kwa ndani, na ni mahali ambapo lengelenge dogo litaanzia. Palipokosa matundu mvuke hukusanyika na kuinua ngozi yote kama puto moja, ambalo hupasuka na kuungua. Lakini sindano ipite ngozi na kuishia kwenye mafuta. Ikifika kwenye nyama, maji ya nyama yatapanda kwa njia hiyo hiyo na kuilowesha sehemu uliyoihangaikia.

Viungo ni vya upande wa nyama tu. Chumvi gramu 15 kwa kilo moja inatosha, pamoja na pilipili manga, kitunguu saumu kilichopondwa na mdalasini kidogo, au mchanganyiko wa Kichina wa viungo vitano ukiupata. Fanya michano miwili mitatu isiyo ya kina kwenye nyama ili viingie, halafu uufute kabisa uso wa ngozi, kwa sababu vitunguu saumu na chochote chenye sukari vikibaki juu vitaungua na kuacha uchungu. Ngozi yenyewe ipate chumvi laini kidogo tu, ya kuvuta unyevu.

Sasa ianikwe, na jokofu ndilo mahali pake. Iweke bila kuifunika, ngozi juu, kwa usiku mzima, na ikiwezekana saa 24. Kuna wanaoiacha mezani mbele ya feni. Mimi siwaungi mkono, hasa kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ya kawaida imejaa unyevu na haina hamu ya kuchukua maji mengine, huku nyama ikikaa kwenye joto linalowafurahisha bakteria. Hewa ya jokofu ni kavu kwa sababu unyevu wake hugandia kwenye mabomba ya ubaridi, na jokofu lenye feni ndani hukausha vizuri zaidi. Asubuhi ngozi iwe imekaza, inang'aa kidogo, na ukiigusa kidole kitoke kikavu. Isipokuwa hivyo, subiri.

Siki nayo ninaona imepewa sifa kuliko kazi yake. Kuipaka kidogo hakudhuru, kwa kuwa asidi hulegeza uso wa ngozi, lakini haijawahi kuchukua nafasi ya usiku mmoja wa kuanika. Bikaboneti ya soda huharakisha rangi ya kahawia, nayo ikizidi huacha ladha ya sabuni. Mafuta ya kula yakipakwa mapema huuzuia unyevu kutoka, kwa hiyo nayaruhusu dakika ya mwisho tu, kabla ya joto kali, tena kwa tone linaloweza kutandazwa kwa kidole.

Upishi wenyewe una awamu mbili. Kwa awamu ya kwanza, fanya kijisanduku cha karatasi ya alumini kinachoifunika nyama chini na pembeni na kuiacha ngozi wazi, ili pembeni pasikauke. Chunguza kama uso umelala sawa. Palipobonyea tia donge la karatasi hiyo hiyo chini yake, na kama nyama inataka kujikunja ichomeke vijiti viwili vya mishikaki kutoka upande hadi upande. Pika kwa nyuzi 150 kwa dakika 35 hadi 45. Aliyekosa muda wa kuanika kikamilifu anaweza kuifunika ngozi kwa chumvi ya mawe ya unene wa nusu sentimita katika awamu hii, kisha kuikwangua yote kabla ya awamu ya pili. Chumvi laini haifai hapo, kwa kuwa huyeyuka na kushuka kwenye nyama. Wizara ya Kilimo ya Marekani huihesabu nyama nzima ya nguruwe kuwa salama ikifika nyuzi 63 ndani na kupumzishwa dakika 3, ila kwa nyama ya tumbo mimi husubiri kipimajoto kionyeshe 85 au zaidi, maana chini ya hapo kolajeni iliyo kati ya matabaka haijalainika, na mafuta hubaki yakiteleza mdomoni.

Kabla ya awamu ya pili, mwaga mafuta yaliyokusanyika kwenye droo. Mafuta ya nguruwe hukaribia kutoa moshi kwenye nyuzi 190 hivi, na feni huyarusha mpaka kwenye koili, kwa hiyo jiko lililojaa moshi kwa kawaida lina droo ambayo haikumwagwa. Usiyatupe kwenye sinki. Yachuje, yatakaangia viazi au ndizi. Kunja karatasi ya alumini chini kidogo, futa ngozi, panga nyuzi 200 na upike dakika 15 hadi 25, ukichungulia kila baada ya dakika 5. Utaisikia ikipasukapasuka. Upande mmoja ukitangulia kuvimba, ufunike kwa kipande cha alumini na uuache mwingine ufike. Palipoungua juu juu pakwangue kwa kisu cha mkate bila huzuni yoyote, kwani wachomaji wa Kikantoni huiunguza ngozi kwa makusudi na kuikwangua baadaye. Igonge kwa mgongo wa kisu: mlio mkavu, wenye uwazi ndani yake, ndiyo ishara ya kuzima.

Wanaoogopa bili ya umeme watambue kwamba mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hutumia uniti moja na nusu, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe, kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo. Ila asije mtu akasema kwamba chakula hiki kimekuwa cha kupunguza uzito kwa sababu hakikuogelea kwenye mafuta. Nyama mbichi ya tumbo ina takriban gramu 53 za mafuta katika kila gramu 100. Kikaangio kitayayeyusha baadhi yake, hakitaifanya kuwa minofu ya kuku.

Ipumzishe dakika 10 bila kuifunika. Kata ukiwa umeilaza ngozi chini kwenye ubao, kisu kizito kipite kwenye nyama kwanza na kumalizia ngozi kwa mkandamizo mmoja, la sivyo ngozi itabanduka. Kachumbari yenye ndimu nyingi huikata ladha ya mafuta vizuri sana, lakini iwe pembeni ya sahani, pamoja na ndizi au ugali, na kamwe isimwagwe juu.

Iliyobaki hukaa kwenye jokofu siku 3 hadi 4. Siku ya pili irudishe kwenye kikaangio kwa nyuzi 180, dakika 5 hadi 8, ngozi ikitazama juu. Maikrowevu huivukiza na kuirudisha kwenye ulaini. Vipande ambavyo ngozi yake ilikataa kuvimba tangu mwanzo vikatwe vidogo na kuingizwa kwenye chungu cha maharage, ambako jelatini ile ile itaufanya mchuzi kuwa mzito.