Goti la Moto Halisubiri Jumatatu: Maswali na Majibu kuhusu Maambukizi ya Viungo

Mimi ni afisa wa kliniki Busia upande wa Uganda, mpakani, ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Wasamia, Wateso na wachuuzi wanaovuka kutoka Kenya. Maswali haya nimeulizwa chumbani kwa wagonjwa, mengine na waendesha bodaboda wanaonisimamisha njiani.

Musawo (daktari), mtoto wangu wa miaka 4 ameamka hataki kukanyaga. Hakuanguka. Mwili una moto. Bibi yake anasema mshipa umeshtuka, akandwe. Nifanyeje?

Mama, usimkande. Mlete leo hii. Mtoto mwenye homa aliyegoma ghafla kutumia mguu au mkono tunamhesabu kuwa ana usaha ndani ya kiungo mpaka vipimo vikanushe.

Nikueleze kinachotendeka humo. Kiungo kimezungukwa kwa ndani na utando laini unaotoa ute wa kulainisha mifupa isisagane. Utando huo una mishipa mingi ya damu, kwa hiyo kijidudu kilichoingia mwilini kupitia jipu, kidonda au kitovu cha mtoto mchanga kinaweza kusafiri na damu kikatua hapo. Wakati mwingine usaha huanzia kwenye mfupa wa jirani, kisha ukapasukia kiungoni. Chembe nyeupe za damu huja kupigana, na vita hivyo huacha usaha wenye vimeng'enya vinavyokula gegedu, ile sehemu nyeupe yenye utelezi unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu haina mishipa yake ya damu, kwa hiyo ikiliwa haioti tena kama ngozi. Kuharibika huanza ndani ya saa chache, na siku chache zinatosha kumwachia mtoto kilema cha maisha.

Ninachokiogopa zaidi ni nyonga. Goti likijaa usaha utaliona limevimba na ukiligusa ni la moto, lakini nyonga imejificha chini ya nyama na kwa nje hakuna kitu. Mtoto hulala amekunja mguu na kuupindia nje, akiguswa analia. Usaha ukijaa humo hubana mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho kinaweza kufa. Kwa kichanga mambo ni magumu zaidi, maana huenda hana hata homa. Mama anaona tu mkono mmoja hauchezi, au analia kila anapobadilishwa nepi.

Lakini kipimo cha kidole kimeonyesha malaria. Si ndiyo iliyoleta homa?

Inawezekana, na malaria itibiwe. Ila malaria haivimbishi goti moja. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na usaha kiungoni siku hiyo hiyo. Pia kipimo cha haraka huweza kuendelea kusoma malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Nimewaona watoto waliomaliza dozi mbili za malaria huku nyonga inaoza, na kila mtu nyumbani anashangaa homa haishuki.

Ni vijidudu gani hasa?

Mara nyingi ni Staphylococcus aureus, bakteria anayekaa kwenye ngozi na puani mwa watu wazima kwa watoto, yule yule wa majipu. Wengine hutegemea wewe ni nani na unaishi vipi.

Mwenye sikoseli hushambuliwa sana na Salmonella, hasa kwenye mifupa. Hili linatuhusu: uchunguzi wa taifa uliopima watoto wa Uganda mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 wana chembechembe za kurithisha sikoseli, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Shida ni kwamba sikoseli yenyewe huleta maumivu ya viungo, basi familia imezoea, inampa dawa ya maumivu na maji mengi na kungoja. Maumivu yakijikusanya sehemu moja, pakavimba na homa ikapanda, msingoje.

Kijana mwenye afya njema ambaye leo kiwiko kinauma, kesho kifundo cha mguu, na vipele vichache vimetokea ngozini, nitamuuliza habari za kisonono. Asinikasirikie. Kisonono huingia kwenye damu na kufika viungoni, hata kwa mtu asiyetokwa na usaha wala kuumwa akikojoa.

Wafugaji wa ukanda wa ng'ombe, kutoka Ankole kupitia Nakasongola hadi Karamoja, wana brusela. Inatoka kwenye maziwa yasiyochemshwa au kwa kumshika mnyama aliyetupa mimba. Huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo, nyonga au goti. Maziwa yachemke kweli kweli.

Halafu kuna kifua kikuu, ambacho licha ya jina lake huingia hata kwenye nyonga, goti na uti wa mgongo. Hiki hakina haraka. Kiungo huvimba polepole kwa miezi, hakina moto mwingi, na mtu anakonda. Anayeishi na VVU yuko hatarini zaidi.

Kwa nini mnataka kuchoma sindano ndani ya goti kwanza? Si mnipe antibaiotiki tu niende?

Kwa sababu ute wa kiungo ndio shahidi wetu, na antibaiotiki humziba shahidi mdomo. Ukishameza vidonge, vijidudu hupungua kiasi cha kutoota maabara, lakini vilivyobaki vinaendelea kula gegedu. Tunabaki tukibahatisha dawa. Ndiyo maana, kama mgonjwa hayuko taabani, tunavuta ute kwanza, tunachukua na damu ya kuoteshwa, kisha dawa inaanza papo hapo bila kusubiri majibu.

Ngozi inasafishwa, ganzi inachomwa, sindano inaingia. Kwa goti ni kazi ya dakika chache na huleta nafuu, maana shinikizo hupungua. Nyonga huchomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, au chumba cha upasuaji. Ute wa kawaida ni mwangavu na unavutika kama ute wa yai. Ukitoka kama uji wa mtama, nakaribia kujua jibu kabla maabara haijasema. Maabara huhesabu chembe nyeupe: kiungo kizima hakifiki 200 kwa mikrolita, chenye bakteria mara nyingi huvuka 50,000. Hesabu ndogo haitoshi kukanusha. Wanapaka ute kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini siku hiyo hiyo, kisha wanauotesha kwa siku 2 au zaidi wajue kijidudu na dawa inayokiua. Tukishuku kifua kikuu, ute au kipande cha utando hupimwa kwa mashine ya GeneXpert.

Hadubini huonyesha pia chembe za chumvi za jongo, ugonjwa unaofanana sana na huu kwa wanaume wa makamo. Lakini jongo na bakteria vinaweza kukaa goti moja.

Eksrei? Tunaipiga, ila siku za mwanzo huonekana safi, kwa kuwa mfupa ulioliwa huchukua wiki moja au mbili kujionyesha. Mtu asikurudishe nyumbani kwa sababu ya eksrei safi.

Duka la dawa walinichoma sindano ya maumivu, nikapata nafuu kabisa.

Nafuu ya sindano ya maumivu, au mbaya zaidi ya dawa za steroidi, huficha moto bila kuuzima. Usimruhusu mtu yeyote dukani akuchome ndani ya kiungo.

Matibabu yenyewe yakoje, na ni ya muda gani?

Ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: kutoa usaha na kuua kijidudu. Antibaiotiki peke yake haitoshi, maana vimeng'enya vilivyomo kwenye usaha vinaendelea kula hata bakteria akifa. Goti linaweza kuvutwa kila siku mpaka likauke, au kufunguliwa na kuoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Nyonga ya mtoto mara nyingi hufunguliwa. Hapa kituo cha afya cha ngazi ya tatu hakitoshi. Tunakuandikia rufaa, na kwa sisi wa Busia mara nyingi ni hospitali ya rufaa ya Mbale.

Dawa huanza kwa mshipa, na kwa mtu mzima yote pamoja huchukua wiki 4 hivi. Mtoto aliyewahi huweza kumaliza mapema. Kisonono cha viungo huisha kwa muda mfupi zaidi, lakini mwenzi naye atibiwe. Brusela ni wiki 6 za dawa mbili kwa pamoja. Kifua kikuu cha viungo hufika miezi 12, na dawa zake ni bure vituo vya serikali.

Siku za kwanza kiungo kinapumzishwa. Maumivu yakipoa, kinaanza kuchezeshwa hata kama kinauma kidogo, kwani goti lililofungwa wiki nyingi hukakamaa na kulikunjua baadaye ni kazi.

Ugonjwa huu unaambukiza? Tutenganishe vyombo?

Kwa vyombo, hapana. Kuleni pamoja.

Mzee mmoja alinichanja chale gotini na kupaka dawa ya majani. Sasa limevimba zaidi, na naogopa kuja, mtanigombeza.

Ndugu, njoo, na uzitaje hizo chale bila kuficha, maana zinatuambia kijidudu kimepitia wapi na zinatukumbusha chanjo ya pepopunda. Kama ulikunywa dawa yoyote, ya majani au ya dukani, leta pakiti au jina lake. Usile kitu njiani, huenda ukahitaji usingizi wa upasuaji usiku huo. Atakayekugombeza mwachie goti, agombe huku anavuta usaha.