Ganzi ya Kupaka Wakati wa Kupandikiza Jino: Maswali ya Wakazi wa Malindi na Lamu

Nimesikia kuna jeli ya ganzi inayopakwa kwenye ufizi. Je, naweza kupandikizwa jino bila kudungwa sindano?

Hapana. Jeli hiyo, ambayo aghalabu huwa na benzokaini ya asilimia 20 au lignokaini ya asilimia 5, hupenya milimita 2 hadi 3 tu, ilhali kipandikizi ni skrubu ya titani inayokaa ndani ya mfupa wa taya, na ili kuiweka daktari hupasua ufizi na kuutoboa mfupa. Jeli hupunguza mchomo wa sindano. Maumivu ya upasuaji wenyewe huzuiwa na sindano. Anayekuahidi kazi hiyo yote kwa jeli peke yake, muulize vizuri kabla hujaketi kwenye kiti chake.

Mbona wengine hupakwa na sindano bado huwauma?

Mara nyingi ni haraka. Mate huiosha dawa, kwa hiyo ufizi hukaushwa kwanza kwa pamba, jeli kidogo ikapakwa mahali panapodungwa, kisha ikaachwa dakika 1 hadi 3. Kwenye kaakaa, ambako ngozi ni nene na imeshikamana na mfupa, jeli husaidia kidogo tu. Isitoshe, sehemu ya maumivu hutokana na dawa inayosukumwa kwa nguvu ndani ya nyama, na hilo haliondolewi na jeli yoyote, bali na mkono wa daktari asiye na pupa.

Je, jeli ina madhara?

Ni nadra, lakini yapo. Benzokaini huweza kuizuia damu kubeba oksijeni ipasavyo, dalili zake zikiwa midomo kugeuka rangi ya samawati na pumzi kubana. Lignokaini ya kupaka nayo hujumlishwa na ile ya sindano, kwa hiyo usijipake nyumbani kabla ya kwenda kliniki.

Natafuna miraa na muguka. Nimwambie daktari?

Mwambie, wala usione haya. Sindano ya ganzi kwa kawaida huwa na adrenalini ili ganzi idumu na damu isitoke sana, na miraa nayo, kama adrenalini, huongeza mapigo ya moyo na presha.

Nikishamaliza, naweza kusafiri kurudi Lamu siku hiyo hiyo?

Muulize daktari wako. Akikuruhusu, meza dawa ya maumivu aliyokuandikia kabla ganzi haijaisha, usije ukazidiwa njiani kabla ya kufika Mokowe kupanda boti. Kahawa ya moto iache mpaka hisia zirudi, kwani mdomo wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Ikiwa mdomo wa chini au kidevu bado kina ganzi kesho yake asubuhi, mpigie daktari papo hapo bila kungoja miadi, kwa kuwa huenda kipandikizi kinaubana mshipa wa fahamu na kikahitaji kuondolewa mapema.