Cherehani Iliyouzwa: Mafunzo ya Ufundi kwa Vijana wa Mashariki mwa Kongo

Ukikuta sokoni mashariki mwa Kongo cherehani mpya inauzwa nusu bei, na ubavuni pake pana alama ya kibandiko cha mradi kilichobanduliwa, sisi wa kazi hii hatuulizi imetoka wapi. Kijana alisoma ushonaji miezi mitatu, akapigwa picha na mgeni rasmi, akakabidhiwa cherehani siku ya kufunga mafunzo. Wiki ya pili unga ukaisha nyumbani. Anayeuza simlaumu hata kidogo. Njaa haisubiri mpaka wateja wamzoee fundi mgeni. Lawama ni yetu sisi tuliopanga mafunzo yale, tukahesabu vyeti vilivyogawiwa na tusihesabu mafundi walioko kazini mwaka mmoja baadaye.

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa ufundi stadi. Makala hii naiandika kwa ajili ya mzazi, mchungaji, shehe, chifu wa mtaa, na pia ndugu aliyeko ng'ambo anayetuma pesa ili mdogo wake wa Goma, Bukavu, Butembo au Bunia "ajifunze kazi". Pesa hizo ni ngumu kupatikana, na ni haki yake kujua zinakoweza kupotelea.

Hali ya huko inajulikana. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa kundi la waasi la M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Benki za Goma zikafungwa na fedha taslimu zikaadimika. Kambi za waliokimbia vita kandokando ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zikabaki tupu ndani ya siku chache, watu wakiambiwa warudi makwao. Ituri na upande wa Beni wana vita vyao vya miaka mingi. Mahali kama hapo mafunzo ya ufundi hubebeshwa tumaini kubwa kuliko kwingine kokote: kwamba kijana akishika nyundo hatashika bunduki. Sentensi hiyo imo karibu katika kila andiko la mradi ninalolisoma. Je, ni kweli?

Nijuavyo mimi, jibu lililopimwa vizuri kuliko mengine lilitoka Liberia. Vita vya Liberia vilikwisha mwaka 2003, lakini wapiganaji wengi wa zamani walibaki porini wakichimba dhahabu na almasi kwa magendo. Wakaanzishiwa mpango wa miezi michache wa kulala bweni: mafunzo ya kilimo, ushauri nasaha, kisha pembejeo na vifaa vya kuanzia. Watafiti Christopher Blattman na Jeannie Annan waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,000, wakiwalinganisha waliopata nafasi na wenzao wa hali ileile waliokosa. Baada ya miezi 14 hivi, waliofundishwa walikuwa wamepunguza saa zao za kazi haramu kwa takriban asilimia 20, na kipato chao kilikuwa kimepanda kwa kiasi cha dola 12 kwa mwezi. Mtu anaweza kuidharau dola 12. Mimi siidharau, maana katika kaya ya kijijini hizo ni chumvi, sabuni, mafuta na karo.

Lakini kilichonifundisha zaidi kilitokea pembeni. Katika miezi hiyohiyo, uchaguzi wa mwishoni mwa 2010 ulizaa vita nchi jirani ya Côte d'Ivoire, na makamanda wa zamani wakaanza kuwatafuta vijana wa Liberia wavuke mpaka wakapigane kwa malipo. Kwa bahati, sehemu ya vifaa vya mpango ilikuwa imechelewa kwa wanafunzi wengine. Basi walikuwapo vijana waliokwisha kupata kila kitu, na walikuwapo ambao bado walikuwa wanadai. Waliojiepusha zaidi na wale makamanda walikuwa hawa waliokuwa wanangojea. Kilichobaki ndicho kilichowashika. Aliyekwisha kupokea vyote hakuwa na cha kupoteza kwa kuondoka, na aliyekuwa anasubiri alijua akivuka mpaka atakosa haki yake.

Tangu nilipousoma utafiti huo nimekuwa nikiwaambia wenzangu: usimalize kumpa kijana vifaa vyote siku ya cheti.

Najua kuna atakayenitajia Uganda. Mwaka 2008, kaskazini mwa nchi hiyo, vikundi vya vijana viliandika maombi, na vilivyokubaliwa vilipewa pesa kwa mkupuo, wastani wa dola 382 kwa kila mtu, pasipo msimamizi wa kuwachunga. Vijana wale hawakuzitapanya. Walilipia mafunzo kiasi, na sehemu kubwa wakanunua zana na malighafi. Miaka minne baadaye kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa wao bado walikuwa na mali zaidi na wengi zaidi walikuwa kwenye ufundi. Kwangu maana yake ni kwamba msaada humpa kijana mwanzo wa mapema, na usitegemewe kumtajirisha maisha yote. Tena unatuonyesha kwamba kijana anaijua haja yake kuliko tunavyodhani.

Ila kaskazini mwa Uganda mwaka 2008 kulikuwa kumetulia, kundi la waasi la Kony limeshaondoka. Kivu ya leo haijatulia. Vifaa vyote vikiwa ndani ya chumba kimoja cha mbao, usiku mmoja tu wa uporaji unatosha kumrudisha kijana sifuri. Hiyo ni sababu yangu ya pili ya kugawa kwa awamu, na inatosha hata ukiiweka Liberia kando.

Kongo yenyewe ina kumbukumbu chungu ya kuahidi bila kufuatilia. Mwaka 2013, katika juhudi za kuwapokonya wapiganaji silaha, baadhi ya waliojisalimisha walipelekwa Kotakoli, kambi ya jeshi iliyoko mbali kaskazini-magharibi mwa nchi, pamoja na wake zao na watoto. Mwaka 2014 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba zaidi ya watu 100 walifia huko kwa njaa na maradhi. Habari kama hiyo haiishii kambini. Inarudi vijijini, na kamanda aliyeko msituni hahitaji tena maneno mengi ya kuwazuia watu wake. Mpango wa sasa wa kupokonya silaha, ulioundwa mwaka 2021 kwa jina la P-DDRCS, ulikubali kwamba kijana arudishiwe maisha yake ndani ya jamii, asifungiwe kambini mbali na kwao. Kwenye karatasi, huo ni mwelekeo sahihi.

Ndani ya jamii kuna shule ambayo haikuletwa na mradi wowote: karakana ya fundi. Tazama chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloshusha viazi, kabichi na makaa hadi Goma. Hakuna chuo kinachotoa cheti cha kuchonga chukudu. Kijana hukaa na fundi, huchonga gurudumu likakataa, hulirudia, hujifunza kulivisha raba ya tairi kuukuu, mpaka siku mteja anauliza, "Hili kachonga nani?" na fundi anamnyooshea kidole yeye. Mtindo huo ndio uanagenzi, na kwa maoni yangu ndio unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya mafunzo. Miezi miwili ya darasani kwa vipimo, hesabu, kusoma mchoro na usalama kazini, kisha miezi sita au saba kwa fundi mwenye wateja. Serikali inayo INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, na vipo vituo vya makanisa vyenye walimu wazuri. Lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kukemewa na mteja kwa suruali iliyobana bado hajawa fundi.

Fundi naye asisahaulike. Tunampelekea wanagenzi wanne, wanakula muda wake, wanaharibu misumari yake, halafu tunamlipa shukrani. Mlipe. Au mpe vifaa kwa ajili ya karakana yake. Fundi asiyepata kitu huwageuza wanagenzi kuwa wafagiaji na wachota maji, na miezi sita inapita hivyo. Na kwa kuwa mwanagenzi mwenyewe huwa anategemewa nyumbani, awe na nusu siku ya kutafuta riziki, au apewe chakula cha mchana na nauli. Wengi wanaoitwa watoro walikwenda kubeba mizigo ili wadogo zao wale.

Kuhusu fani ya kusomea, shauri langu ni utembee mtaani kabla hujaamua. Ushonaji na useremala huchaguliwa kwa mazoea, mwishowe mtaa mmoja unakuwa na mafundi cherehani kumi na tano wanaogombea sare za shule zilezile. Goma imejengwa juu ya lava, na baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 2002 watu walirudi wakajenga palepale. Mwashi wa mji huo anatakiwa ajue kuvunja na kupanga mawe ya lava, na mafunzo ya matofali peke yake yatamwacha pembeni. Umeme wa kituo cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015, ulileta haja ya mafundi wa kutandaza nyaya za majumbani, na umeme unapokatika watu hugeukia sola. Pikipiki zimejaa kila barabara, na kila pikipiki huharibika. Simu vilevile.

Jiulize pia kama ufundi huo unabebeka. Watu wa Bulengo na Lushagala walipoambiwa waondoke, kinyozi aliondoka na mashine yake mfukoni na fundi simu alibeba bisibisi zake, mwenye tanuri la mikate akaliacha. Sisemi tuache kufundisha uokaji au uchomeleaji. Nasema kijana ambaye kaya yake imehama mara tatu afikiriwe kwanza ufundi anaoweza kukimbia nao.

Wasichana wana mambo yao ninayotaka kuyasema waziwazi. Wengi waliochukuliwa na makundi yenye silaha hawakuwahi kubeba bunduki. Walipika, walibeba mizigo, waligeuzwa wake kwa nguvu. Inapofika siku ya kuorodhesha waliojisalimisha, asiye na silaha ya kukabidhi huachwa nje ya orodha, naye hurudi nyumbani kimyakimya na mtoto mgongoni. Kituo kisicho na pa kumweka mtoto huyo, hata chumba kimoja chenye mkeka na mama wa kumwangalia, kimemfungia mlango hata kama tangazo lake linasema "wote mnakaribishwa". Na asisukumwe kwenye ususi au cherehani bila kuulizwa. Wapo wasichana wanaopanda juu ya mabati kufunga paneli za sola.

Waliotoka msituni wasitengwe katika darasa lao peke yao. Jirani ambaye mwanawe alikaa nyumbani, akavumilia, hakumdhuru mtu, akiona vifaa vinagawiwa kwa waliokuwa na bunduki tu, ataelewa nini? Wachanganywe. Mwalimu ajue nani ana ndoto mbaya usiku, nani hushtuka bati likigongwa, bila kumtangaza mbele ya wenzake. Na aliye chini ya miaka 18 aulizwe kwanza kama anataka kurudi shule. Kutumikisha mtoto katika vita ni uhalifu: Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani kwa hilo na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 14 Machi 2012. Haki ya mtoto yule ni pamoja na kitabu, na cherehani isiwe njia ya mkato ya kumnyima darasa.

Cheti nacho kina kazi yake, hasa kwa anayevuka mpaka. Uganda ilianzisha utaratibu wa kumpima fundi kwa anachoweza kukifanya kwa mikono, pasipo kudai cheti cha shule, na kule Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima waliojifunzia kazini. Kwa Mkongo aliyepata hifadhi Nakivale au Kyangwali, makazi ya wakimbizi huko Uganda, karatasi iliyoandika "anaweza kufunga nyaya za nyumba ya vyumba vitatu" ina nguvu kuliko ile inayosema "amehudhuria mafunzo".

Sasa niseme namna tunavyogawa vifaa, kwa mfano wa fundi umeme. Mwezi wa kwanza wa uanagenzi anapewa testa, koleo na bisibisi, vya kwake mwenyewe, vilivyochongwa herufi za jina lake. Akimaliza na kufaulu mbele ya mafundi wawili ambao si walimu wake, anapewa mita ya kupimia na ngazi, au yeye na mwenzake wanapewa drili moja ya kushirikiana. Sehemu ya tatu inabaki kwetu. Kiasi chake anakijua tangu siku ya kwanza, kimeandikwa na kutiwa sahihi, ili kisije kikageuka fadhila ya mkubwa fulani. Miezi sita baada ya cheti mkufunzi anamtembelea anakofanyia kazi, anazungumza na wateja wake, anatazama daftari la mapato. Kisha wanakubaliana sehemu hiyo iwe nini: nyaya za jumla, paneli ya kuanzia, au pesa kwa simu, maana benki huenda imefungwa. Akiwa amehama, anafuatwa kwa simu alikohamia. Gharama ya ziara hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla ya gharama ya hema na viti vya siku ya vyeti.